Ngoja Wimbo Ufike Mwisho

Nekesa mama,

Barua zetu za zamani zilianza kwa kuulizana hali. Yako sina haja ya kuiuliza, kwa sababu nakusikia hapo uani ukibishana na mama yako kuhusu sanduku. Yeye anataka uongeze blanketi la pili, wewe unasema Machakos si Mlima Elgon. Nimezima mashine mapema leo, saa tisa tu, na wateja wawili wameondoka na mahindi yao wakininung'unikia. Nimekaa juu ya gunia hapa ndani ya kinu na unga umetanda kwenye karatasi, kwa hiyo ukiona madoa meupe usidhani ni machozi yaliyokauka. Machozi nitayataja yakifika mahali pake.

Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji na ya kuchagua marafiki mama yako ameshayamaliza. Cucu yako, mama wa mama yako, naye ameongeza ya maombi. Mimi nina jambo moja tu, na wiki nzima limenishinda kulisema kwa mdomo. Jumatatu nilikuita hapa nikiwa nimejiandaa kabisa, nikaishia kukuonyesha mkanda mpya wa mashine. Ulinitazama kama mtu anayejiuliza kama mzee ameanza kuzeeka.

Jambo lenyewe ni ule moyo wako. Unajua ninachosema: unavyokwenda mbio bila mtu kuufukuza, kifua kikabana, mikono ikawa baridi, na usingizi ukakataa kuja hata ukiuita kwa jina. Kesho unakwenda kuanza uuguzi mahali usipomjua mtu hata mmoja. Ninaogopa hali hiyo isije ikakupata huko, ukadhani ni wewe peke yako duniani, ukafunga sanduku ukarudi. Ninaogopa kwa sababu namjua mtu aliyefanya hivyo. Ni mimi.

Umekua ukisikia kwamba baba yako angekuwa mwalimu kama si malaria. Shangazi zako wanalisema kila tukikutana kwetu Kamukuywa, na mimi hutikisa kichwa kwa huzuni kama mtu aliyeonewa na mbu. Haikuwa malaria. Nilikuwa na miaka ishirini, nikapata nafasi katika chuo cha ualimu kule Nyeri, nikapanda gari nikiwa na sanduku la bati na suti ya kuazima. Siku ya pili moyo ukaanza. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda cha juu katika bweni la watu arobaini, wote wanacheka na kuulizana kwao, nami nimeshika chuma cha kitanda nikidhani ninakufa. Nilikaa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nilikuwa Kamukuywa, na mama yangu aliponiona nimekonda akasema ni malaria, nami nikaona hilo ni jina zuri sana. Akanichemshia mwarobaini wiki nzima. Niliunywa wote, Nekesa, asubuhi na jioni, uchungu wa kukunja uso, kwa ugonjwa ambao sikuwa nao.

Babu yako, Kuka kama tunavyomwita kwa Kibukusu, alikwenda kuchukua litungu. Wewe unalijua litungu lake mikononi mwangu tu. Mimi nililijua likifanya kazi: bakuli la mti lililofunikwa ngozi ya mbuzi, mikono miwili iliyoinuka, na nyuzi saba. Watu walimwita kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye sherehe za vijana wanaotoka kutahiriwa, na huko alipiga kwa nguvu akiimba na kutaja koo za watu mpaka wakasimama. Lakini nyumbani alikuwa na upigaji mwingine, usio na maneno. Jioni ile, jua bado liko juu ya migomba, alileta kigoda chake akakaa mbele yangu nje ya jiko, akalilaza litungu kwenye mapaja, akautazama mguu wangu.

Goti langu la kulia lilikuwa linatetemeka. Lilikuwa likitetemeka tangu Nyeri na nilikuwa nimeshazoea kulificha chini ya meza. Kuka akaanza kupiga haraka haraka, mwendo uleule wa goti langu, kidogo nichukie kwa sababu niliona ananidhihaki. Akaendelea hivyo muda mrefu. Kisha, sijui saa ngapi, nikagundua kwamba nyuzi zimepunguza mwendo na goti nalo limepunguza. Akapunguza tena. Mabega yangu yakashuka, na hapo ndipo nilipojua kwamba yalikuwa yamepanda. Jioni ya tatu nililala pale pale kwenye kiti kabla ya chakula, mdomo wazi, mama yangu akanifunika leso.

Nilimuuliza kwa nini hakuanza polepole tangu mwanzo kama alitaka nitulie. Alinijibu kwa Kibukusu, bila kuacha kukaza uzi aliokuwa anaukaza.

"Ulikuwa unakimbia. Ningekaa hapa nikuite, ungenisikia? Nilikimbia na wewe kidogo kwanza."

Halafu akaongeza, "Sasa umelala siku tatu. Rudi shule."

Sikurudi. Hilo ndilo kosa langu la kwanza ambalo nataka ulione vizuri, kwa sababu watu hudhani niliangushwa na woga. Woga ulikuwa umepoa. Nilichokuwa nacho sasa ni malaria, na malaria hupona, na aliyepona hutakiwa kurudi na kueleza alikokuwa. Kwa hiyo ikabidi malaria inirudie. Mama akachemsha mwarobaini mwingine. Muhula ukaisha, nafasi yangu akapewa mwingine, na mimi nikaja Kitale kubeba magunia kwenye ghala la mahindi, kisha nikajifunza mashine, kisha nikapata hii yangu. Sijutii mashine. Imekulisha, imekusomesha, na ndiyo iliyonikutanisha na mama yako aliyekuja na debe la mahindi akabishana nami kuhusu unga kuwa mnene. Lakini nikitazama nyuma naona nilipenda kazi hii kwa sababu nyingine pia. Kinu kikiwaka hakuna anayekuuliza kitu. Miaka mingi nilijificha ndani ya kelele hii nikaiita bidii.

Kosa la pili unalijua nusu yake. Nilipookoka niliokoka kwelikweli, unavyonijua sifanyi kitu kidogo kidogo. Litungu nikaliona ni jambo la pombe na matanga. Kuka alipofariki na ami zangu wakanikabidhi litungu kama mtoto wa kwanza, nililipokea kwa mikono miwili mbele ya watu, nikalileta Kitale, nikaliweka stoo juu ya magunia. Panya wakala ngozi. Nyuzi zikakatika. Kisha yule kuku mwekundu wa mama yako akaona bakuli zuri limekaa bure, akataga ndani. Wewe ulikuwa unatumwa kila asubuhi kuokota mayai mle, ukiwa na miaka minne au mitano, na hukujua kwamba ulikuwa unatia mkono ndani ya kitu kilichomrudishia baba yako usingizi. Mimi nilijua. Nilikuwa nakula hayo mayai.

Sasa nifike kwa lile linalonifanya niandike.

Ulipokuwa kidato cha nne ulianza kurudi nyumbani umepauka. Ulikuwa unashika ukingo wa meza. Nikasema huli vizuri. Mama yako akasema ni kukosa damu. Mimi, mtu pekee katika nyumba hii ambaye angekutazama na kusema "mwanangu, najua," nilikwenda mjini nikanunua spika kubwa. Unaikumbuka. Saa kumi na moja asubuhi naifungulia kwaya mpaka madirisha yanatetemeka, ati nafukuza roho ya woga. Majirani walikuwa wanaamka wakiwa wamefukuzwa wao.

Na jioni moja niliingia chumbani kwako nikakukuta umelala chali, waya ziko masikioni, mguu unapiga kitandani kwa kasi. Nikachomoa waya moja nikaiweka sikioni mwangu. Ngoma za haraka, vijana wanaongea Sheng kama wanaogombana. Nikasema, "Mtu anayetaka kutulia anasikiza hii makelele?"

Ukaniambia, "Papa, si ungoje ifike mwisho. Hata hujasikiza yote."

Sikungoja. Nilichukua simu nikaifungia kwenye kabati mpaka mitihani iishe, nikakuachia kwaya yangu. Karatasi ya pili ya hesabu ulitolewa nje ukiwa huwezi kupumua. Mwalimu aliponipigia nilikuwa nasaga, ilibidi atume mtu. Nilikukuta umekaa chini ya dirisha la ofisi, na nikakuambia, nayakumbuka maneno yangu, kwamba umeniangusha. Neno hilo sikulirudia tena wala sikuliombea msamaha. Naliombea sasa. Halikuwa lako. Nilikuwa namwambia kijana mwingine, yule wa kitanda cha juu kule Nyeri, na wewe ulikuwa karibu.

Ukaenda kwa cucu yako kurudia mwaka, na cucu, Mungu ampe maisha, alikupa simu yako siku ya kwanza bila kuuliza swali lolote. Unakumbuka siku ile ya kupukuchua mahindi kwake? Mashine ya kupukuchua ilikuwa imechelewa, tumekaa sisi wawili juu ya rundo la magunzi ya msimu uliopita tukiingoja, hatuongei, maana tangu mitihani tulikuwa hatuongei. Ukachomoa waya moja ukanipa. "Sikiza yote basi," ukasema. Hukuwa na hasira. Ulikuwa umechoka tu.

Nikasikiza. Wimbo wa kwanza ni wale vijana wangu wa kugombana. Wa pili una ngoma lakini zimepungua. Wa tatu gitaa limeingia. Wa tano nilikuwa nimesahau mashine. Wa saba, wa mwisho, hauna hata maneno, ni mwanamke anavuma tu kwa pua na gitaa likimfuata polepole kama mtu anayemsindikiza mgeni. Nikatazama goti langu, limetulia. Nikakuuliza nani alikufundisha kuzipanga hivyo.

"Hakuna mtu. Nikianza na ya polepole haishiki. Inabidi nianze pale niko."

Nilikuambia nakwenda kuangalia kama mashine inakuja. Nilikwenda nyuma ya ghala la cucu nikalia, Nekesa, nikalia kwa sauti, na niliporudi macho mekundu nikakuambia ni vumbi la magunzi. Halikuwa vumbi. Kuka yako alikufa ukiwa hujazaliwa. Hakuna aliyekuambia lolote kuhusu goti na nyuzi, na ulikuwa umefika mahali alipofika yeye, peke yako, chumbani, na waya zako za masikioni. Na mimi niliyefundishwa kwa mkono wake ndiye niliyekunyang'anya.

Wiki iliyofuata nililitoa litungu stoo, nikalipeleka Myanga kwa mzee mmoja niliyeambiwa bado anayatengeneza. Alilishika, akaligeuza, akatoa unyoya ndani.

"Kijana," akaniambia, mimi mwenye mvi, "hii si ritungu, hii ni nyumba ya kuku. Sasa unataka nirete ngozi ama nirete mayai?"

Nililistahili hilo. Alilifunika upya, akalitia nyuzi, akanifundisha mahali pa kuweka vidole, akacheka sana. Tangu hapo umenisikia nikilipiga kila jioni nikishazima mashine. Najua ninavyopiga. Mama yako alishasema, "Baba Nekesa, hiyo kitu inalia ni kama kuku amefungwa miguu." Lakini nikuambie ninachojua kwa mwili wangu. Natoka kwenye kinu meno yamekazana na masikio yananguruma. Naanza kwa haraka, vibaya, nyuzi tatu tu ninazozimudu. Sijilazimishi kutulia. Napiga vile nilivyo. Baada ya muda mkono unachoka kukimbia, wenyewe, na pumzi inaufuata mkono, na taya linaachia. Dakika ishirini, wakati mwingine zaidi. Daktari bado ananipa vidonge vya presha na ninavimeza, nisikudanganye. Ila nalala. Na asubuhi siwafokei wateja kama zamani, waulize.

Kwa hiyo siku ikija, na huenda ikaja wiki ya kwanza, usianze kwa kuuambia moyo wako unyamaze. Hautasikia. Kimbia nao kidogo. Tafuta mahali, hata chooni, hata nyuma ya jengo, weka wimbo wako wa kugombana, acha mguu upige, halafu shuka nao wimbo kwa wimbo. Acha mabega yashuke. Na simu ikiwa haina chaji, vuma mwenyewe. Una sauti ya bibi yako mzaa baba, ya chini, ya puani, ambayo hatukukusifia kwa sababu haikufaa kwaya. Inafaa kazi hii. Siku moja utakuwa na mgonjwa mbele yako anayetetemeka kabla ya sindano, na utajua kabla ya wengine kwamba usimwambie atulie.

Lakini nikuonye jambo moja kwa sababu nimelilipia. Kuna kupumzika na kuna kujificha, na waya za masikioni zinafaa kwa yote mawili. Mimi nilijificha ndani ya mlio wa mashine. Namna ninavyovitofautisha ni hii: nikishapiga litungu vizuri, nataka kumwona mtu. Namtafuta mama yako, naongea upuuzi, nauliza kuna nini cha kula. Zamani mashine ikizimwa nilitaka tu iwashwe tena. Ukiona nyimbo zimeisha na unataka tu kuzirudia ili usifungue mlango, fungua mlango. Na siku nyimbo zote saba zikikushinda, usifanye hesabu ya kwamba umeshindwa. Mtafute mtu, msimamizi wa bweni, mwalimu, msichana wa kitanda cha pili, umwambie kwa jina lake halisi kilichokupata. Usikitafutie jina zuri. Nipigie simu. Mashine itazimwa, hata kama foleni imefika barabarani.

Sina hofu kubwa leo kama niliyokuwa nayo Jumatatu. Nakuona kupitia dirisha hili umekaa juu ya sanduku ili mama yako alifunge zipu, mnacheka wote wawili, na naona wewe si mimi. Wewe unaijua dawa yako, na uliijua ukiwa mdogo kuliko nilivyokuwa mimi. Nimeridhika, mama. Natamani tu kwamba pale nje ya ofisi ya shule ningekuwa na akili ya leo.

Limebaki moja. Mama yako naye anaamini ni malaria. Nimelala kitanda kimoja naye miaka ishirini na mitatu, ananipimia presha kwa mkono wake, na hajui kwamba mumewe aliwahi kuogopa hadi akakimbia. Nilipoanza barua hii nilidhani naandika siri kati yangu na wewe. Sasa naona nikikupa siri nitakuwa nimekufundisha kuficha. Ameshaingia jikoni, namsikia akipanga vikombe. Naweka kalamu chini, naenda kumwambia yote, leo, wewe ukiwa bado upo, ili uone kwa macho yako kwamba mtu anaweza kusema jambo kama hili nyumbani kwake na bado akamiminiwa chai.

Papa